Nyama Isiyo na Ila

Si zamani sana, tena si mbali hata kidogo, paliondokea nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwa bila kusifiwa, na leo koo langu si zima. Watu wake walikuwa waungwana, wapenda salamu na wapenda mchuzi. Walikuwa na desturi moja tu, ambayo serikali ilikuja kuigundua kuwa ndiyo chanzo cha matatizo yote ya taifa. Mtu akiulizwa habari, alijibu kwanza "nzuri," ndipo akaeleza yaliyomfika. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila nyumba imeungua." "Habari za safari?" "Nzuri, ila baba hatukurudi naye." Hakuna aliyeona ajabu. Ile "nzuri" ilikuwa ya adabu, na "ila" ndiyo ilikuwa mlango ambao habari zenyewe zilipitia.

Katika Soko la Bondeni, mjini, alikuwapo muuza nyama aliyeitwa Hemedi Kipande. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mkono mzito wa panga, na mwoga wa kila kitu kilichovaa sare. Mkewe aliitwa Tabu. Msishangae jina, mama yake alipata uchungu mrefu wakati wa kumzaa, na katika nchi ile, kama katika nchi nyingine ninazozijua, mtoto hubeba kumbukumbu ya siku yake. Tabu alikuwa na jiko lake ubavuni mwa bucha, na sufuria la supu ya kongoro lililochemka tangu alfajiri mpaka adhuhuri.

Mteja akimuuliza Hemedi habari za nyumbani, jibu lilikuwa moja miaka yote. "Nzuri, ila nina Tabu."

Na Tabu, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, alidakia, "Na bila Tabu usingevaa hata shati lililopigwa pasi."

Wateja walicheka. Utani ule walikuwa wameusikia mpaka umechakaa, lakini walikuja kuusikia tena, na wakiwa pale walinunua nusu kilo.

*

Wakati huo kila muuza nyama alikuwa na gogo lake. Jioni alilipara kwa panga, akalimwagia maji ya moto, akalipaka chumvi ya mawe na kuliacha likauke. Wauza kuku walikuwa na lao, wauza kamba na pweza walikuwa na lao. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu kwa sababu hakuna kiongozi aliyekuwa ameyaona.

Siku moja akayaona. Waziri wa Mshikamano na Vitoweo, Mheshimiwa Daktari Shangwe Malolela, alipita sokoni kwa bahati mbaya, dereva wake akiwa amepotea njia. Akatazama kupitia kioo cha gari, na machozi yakamlengalenga.

"Ng'ombe, kuku na kamba," alisema baadaye katika hotuba iliyorushwa na redio zote mbili, yaani redio ya serikali na redio ya mdogo wake, "wote ni wenzetu. Wamezaliwa katika ardhi na maji ya nchi hii. Kwa nini basi wakishafariki tunawatenganisha? Ukabila huu wa magogo utaisha lini?"

Ukaisha wiki ileile. Magogo yote ya Bondeni yakachomwa moto. Badala yake likaletwa gogo moja la mvule, pana kama kitanda cha maharusi, likaitwa Gogo la Umoja. Likawekwa kwenye bucha la Hemedi, kwa sababu mlango wake pekee ndio uliweza kulipitisha. Kila kitoweo cha soko zima sasa kingekatwa hapo, kimoja baada ya kingine, kwa mshikamano.

Waziri alikuja mwenyewe kulizindua, amevaa suti nyeupe. Akapewa panga. Lakini maishani mwake alikuwa hajawahi kukata kitu kingine zaidi ya utepe, akalishusha kwa nguvu za mtu anayepigwa picha, na panga likazama ndani ya gogo mpaka likagoma kutoka. Walinzi walisaidiana kulivuta, mmoja akaanguka chali. Lilipotoka, likaacha ufa mrefu na mwembamba, wenye kina ambacho kidole hakikufika mwisho wake. Palepale msaidizi wa waziri akautangaza ufa ule kuwa Alama ya Taifa. Ikapigwa marufuku kuupara, kuuosha, kuutia chumvi au kuuanika.

Kuulinda aliwekwa askari mmoja, Afande Kubeja, mtu mpole mwenye kofia iliyomzidi kichwa, aliyepewa kiti na bunduki na akapenda zaidi kile kiti.

Damu ya ng'ombe ikaingia ufani. Maji ya kuku yakaingia. Yakafuata maji ya kamba na ute wa pweza, vyote vikakutana humo kama waziri alivyotaka, na joto la Bondeni likavipikia mambo yake. Siku chache baadaye gogo lilikuwa linanuka hadi kwa wauza vitambaa, na nzi walikuwa wakija kwa vikao.

Asubuhi moja Hemedi akajikaza. Akachukua birika la maji yanayotokota kutoka jikoni kwa Tabu, akalisogelea gogo kwa kunyata, na mwili ule.

"Bwana Hemedi," akasema Afande Kubeja kutoka kitini, "hilo birika la nini?"

"Chai, afande."

"Unaliandalia gogo chai?"

Hemedi akabaki amesimama, mvuke ukimpanda usoni. "Afande, ndugu yangu, linanuka."

"Najua linanuka. Mimi ndiye ninayelala nalo mchana kutwa." Akavua kofia, akajipepea. "Likioshwa utakuwa umefuta alama ya mheshimiwa. Wewe utaenda ndani, na mimi nitakufuata kwa kukuacha. Nina watoto, Bwana Hemedi. Kunywa chai yako."

Hemedi akarudisha birika. Tabu alimtazama tu, akamwaga maji yale kwenye supu yake.

*

Basi tumbo likaingia Bondeni. Likaanza na wauza vitambaa, likaenda kwa wachukuzi, likapanda mitaa ya juu ambako watu huharisha kwa siri. Foleni ya choo cha soko ikawa ndefu kuliko foleni ya nyama, na waliokuwa katika foleni ya nyama walijua wanakoelekea. Watoto wawili wa fundi cherehani wakafa. Afande Kubeja mwenyewe alikuwa akiacha lindo mara kwa mara, akikimbia kwa hatua fupifupi, bunduki kwapani. Waliosalimika walikuwa wale waliokula supu ya Tabu tu, iliyochemka mpaka mfupa ukalainika.

Maabara ya Serikali ikamtuma mpimaji, Bi Zamda, mwanamke wa kuongea taratibu. Akakata kipande cha nyama, akachukua firigisi, akachukua kamba, akapitisha pamba ndani ya ufa huku Afande Kubeja akitazama pembeni. Akaenda kupima. Akaandika taarifa yake kwa adabu ya nchi ile, sentensi moja: "Nyama ya Soko la Bondeni ni nzuri, ila ina vijidudu vinavyoua."

Waziri aliisoma mpaka kwenye mkato, akafurahi sana, akaita redio.

Ilibidi Bi Zamda arudi wizarani, ajipange kwenye benchi la wageni, na kuomba taarifa yake isomwe hadi mwisho. Ndipo ukaitishwa mkutano wa dharura. Walikuja wataalamu wa mifugo, wa samaki, wa itifaki, na mmoja wa lugha, Profesa Mgaya, aliyealikwa ili kuhariri kumbukumbu. Walibishana mpaka chakula cha mchana, na hakuna aliyegusa nyama. Kisha profesa akanyoosha kalamu.

"Waheshimiwa, naomba tulitazame hili neno. Neno 'ila' lina maana mbili. Maana ya kwanza ni 'isipokuwa.' Maana ya pili ni 'dosari,' kama tunavyosema kitu hiki hakina ila." Akavua miwani. "Hamwoni? Tumekuwa tukiitafuta dosari kwenye nyama, nayo imejificha kwenye sentensi. Ondoeni ila na mkia wake, taarifa itabaki: nyama ni nzuri."

Waziri Malolela akainuka, akamkumbatia. Watu wamesoma, jamani.

Jioni hiyohiyo amri ikasomwa. Neno ila likafutwa nchini, kwa maana zake zote mbili, na kila bucha likaandikwa mlangoni kwa rangi: NYAMA ISIYO NA ILA. Watu wakauliza kama kibao chenyewe hakivunji amri, na jibu likaja kwamba serikali inaruhusiwa kulitumia neno hilo kwa shughuli rasmi, kama inavyotumia mabomu ya machozi. Bi Zamda akahamishiwa Idara ya Hali ya Hewa, ambako nako hali ilitakiwa kuwa nzuri.

*

Watu wa nchi ile hawakuwa wajinga. Walipokosa ila, wakasema "lakini." Ikafutwa. Wakasema "isipokuwa," nayo ikaondoka. Wakasema "nzuri, tatizo tu," na "nzuri, sasa sikiliza," na kila mlango waliofungua ulifungwa nyuma yao. Ikaajiriwa kada mpya ya Wasikilizaji, watu waliopimwa masikio, wakasambazwa sokoni, hospitalini, misikitini na makanisani. Mwishowe watu wakabaki na kunyamaza. Mtu aliulizwa habari, akasema "nzuri," akatazama chini, na muulizaji akaelewa kila kitu.

Hapo ikatoka Kanuni ya Pumzi. Baada ya "nzuri" ni lazima ifuate "sana," kwa pumzi ileile, kisha mdomo ufungwe.

Ikafuata Kanuni ya Imani, na hii ndiyo iliyoingia moja kwa moja jikoni kwa Tabu. Wizara ilitafakari ikaona kwamba mtu anayechemsha nyama muda mrefu anaishuku. Anaituhumu. Nyama isiyo na ila ina haja gani ya kuchemshwa tangu alfajiri? Wakaja vijana wenye fulana za wizara, wakalimwaga lile sufuria kwenye mtaro. Tabu alisimama mikono kiunoni, akautazama mchuzi ukienda na maji machafu, na kongoro zikibaki zimekwama kwenye wavu.

"Habari za kazi, mama?" akauliza kiongozi wao.

"Nzuri sana," akasema Tabu. Alilisema vizuri kabisa, kwa pumzi moja, na yule kijana akarudi nyuma hatua moja.

Siku ile Hemedi akaona basi, yatosha. Akafunga bucha, akapeleka ufunguo kwa karani wa soko, mzee mmoja mwenye mafua ya kudumu.

"Unafunga kwa nini?" akauliza karani.

Hemedi akafungua mdomo. Akaona kwamba sababu yake, aishike kwa kichwa au kwa mkia, inaanzia pale ambapo ruhusa ya kusema inakoma. "Nyama ni nzuri sana," akasema.

"Kama ni nzuri sana hufungi."

"Nimechoka, mzee."

"Wewe hali yako?"

"Nzuri sana."

Karani akamrudishia ufunguo kwa upole, kama anayemrudishia mtu jino lake. "Mwanangu, hata mimi nilitaka kustaafu," akasema, akapenga kamasi.

*

Ikafika Siku ya Kuonja. Bucha la Hemedi lilikuwa limeshatangazwa Bucha la Mfano, na mwenye Bucha la Mfano alipaswa kula mbele ya kamera nyama iliyokatwa juu ya Gogo la Umoja na kuonyeshwa moto tu, kwa imani. Jukwaa likajengwa. Waziri akakaa kwenye kochi. Nyama ikaletwa juu ya sahani ya kioo, nje imebabuka kidogo, ndani bado inang'aa nyekundu. Tangu asubuhi pale juu ya gogo palikuwa pamekatwa kuku, wakafuata kamba waliokwisha kulegea, ndipo ikaja ile nyama. Hemedi alijua. Alikuwa amevikata mwenyewe.

Akaichukua. Akaiinua. Mkono ukakataa kwenda mbele.

Haukukaa sana, muda wa mtu kumeza mate. Lakini kamera ilikuwa inatazama, na Msikilizaji aliyesimama pembeni ya jukwaa alishainua kichwa, maana kusita kwa mkono nako ni kunyamaza, na kunyamaza kulikuwa na kanuni yake.

Ndipo Tabu akapanda jukwaani, akifuta mikono kwenye kanga. "Mnamwona huyu mume wangu na uroho wake?" akasema kwa sauti ya sokoni. "Anataka kuimaliza peke yake. Leo naanza mimi." Akamnyang'anya kile kipande, akakitia mdomoni, akatafuna. Akatafuna kwa muda. Umati ukacheka, waziri akapiga makofi, kamera ikamsogelea, naye akameza na kuonyesha ulimi kama mtoto aliyemaliza dawa.

Walipofika nyumbani Hemedi alikaa kwenye kigoda, kichwa mikononi.

"Kwa nini, Tabu?"

"Ulisimama mno. Yule mwenye masikio alishaanza kukutazama."

"Ningekula."

"Najua ungekula. Kesho kutwa." Akamvua viatu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu walipooana. "Ungekamatwa, Hemedi. Nani angelivumilia lile gogo?"

Alicheka kidogo. Hemedi hakucheka. Aibu ilimkaa kifuani, na aliitambua vizuri: alikuwa amesita kwa kuogopa kufa, na mkewe hakusita.

*

Tumbo lilimwanza Tabu siku ya pili, na siku ya nne alikuwa mwepesi kiasi kwamba Hemedi alimbeba mgongoni mpaka hospitali bila kutweta. Macho yalikuwa yamezama. Alikuwa wa moto, akiomba maji, na maji hayakukaa.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza, kitanda na Msikilizaji, mwanamke aliyekaa kwenye kona akimenya chungwa. Daktari alikuwa kijana. Alipomwona Tabu tu, alinyanyuka nusu kitini, kisha akakumbuka kona na akakaa tena.

"Habari za mgonjwa?" akauliza.

"Nzuri," akasema Hemedi.

Chungwa likaacha kumenywa.

"Sana," akamalizia.

Daktari alimtazama Hemedi kwa macho ya mtu anayeomba kuokolewa yeye. "Bwana," akasema taratibu, "mimi natibu ninachoambiwa. Siruhusiwi kutibu ninachokiona. Nakuuliza tena, habari za mgonjwa?"

Hemedi alihisi pumzi ya mkewe shingoni. Alifikiria kusema. Alifikiria gereza, akamfikiria Tabu peke yake nyumbani na ndoo, hana wa kumpa maji.

"Sema nzuri, Hemedi," Tabu akanong'ona. "Turudi nyumbani."

"Nzuri sana," akasema Hemedi. Daktari akaandika kwamba mgonjwa ni mzima, na kalamu yake ikatoboa karatasi.

Walifika getini. Pale getini Tabu akalegea, mikono ikamteleza shingoni mwa mumewe, na Hemedi akageuka. Mtu yule aliyeogopa kila sare alirudi mbio kupitia korido yote, akausukuma mlango kwa bega, akamlaza mkewe juu ya kitanda cha daktari.

"Nzuri," akasema, akipaza sauti hadi wagonjwa wa nje wakasikia, "ila mke wangu anakufa."

Neno lile lilikuwa halijasikika hospitalini kwa miezi. Muuguzi mmoja aliyekuwa koridoni alianza kulia. Daktari alikuwa tayari ameshika chupa ya dripu, anatafuta mshipa, alipozuiwa mkono na yule mwanamke wa kona, ambaye vidole vyake vilinukia chungwa.

"Usimguse," akasema bila ukali. "Kosa limetendwa kwa ajili yake. Huyu sasa ni kielelezo. Kielelezo hakiguswi mpaka kesi isikilizwe."

Hemedi alipiga kelele, alipiga magoti, alitaja majina ya Mungu aliyoyajua. Walinzi wakamchukua. Kitu cha mwisho alichoona ni daktari amesimama na dripu mkononi, maji yakidondoka sakafuni, na kwenye kidole gumba cha mguu wa Tabu wakifunga kikaratasi cha namba.

*

Walimpeleka Chuo cha Kumalizia Sentensi. Huko watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto na kufundishwa kuishia kwenye nukta. Mwalimu aliuliza habari, darasa likajibu kwa pamoja, na aliyevuta pumzi baada ya "sana" alirudia peke yake. Hemedi alijibu kwa bidii kuliko wote. Alidhani akifuzu mapema atamkuta.

Kisha akapandishwa mahakamani. Hakimu akafungua jalada, akalitazama juu na chini, akamwita mwendesha mashtaka, wakanong'ona.

"Mshtakiwa," akasema hakimu, "una bahati. Upande wa mashtaka umeshindwa kuleta kielelezo. Kielelezo kimefariki. Kesi imefutwa, nenda nyumbani."

Tabu alikuwa ameshazikwa na watu wa soko. Walimwosha wauza vitambaa, wakampa sanda nzuri kuliko uwezo wao, na jeneza lilibebwa na wachukuzi. Walipomwona Hemedi anaingia uani walimzunguka, wakamshika mikono. Msikilizaji wa msiba alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja nao, sahani ya pilau mapajani.

"Habari za msiba?" wakauliza, kwa kuwa ndivyo inavyoulizwa.

"Nzuri sana," akajibu Hemedi, kwa pumzi moja. Alikuwa amefuzu. Fundi cherehani, yule aliyezika wawili, alimkumbatia na hakumwachia kwa muda mrefu, na kukumbatiana kulikuwa bado hakujawekewa kanuni.

*

Unaweza kuuliza kwa nini hakuondoka. Angekwenda wapi? Gogo lilikuwa moja, na mlango uliolipitisha ulikuwa wake. Vijana wa fulana walimjia asubuhi ya pili kumkumbusha kwamba soko zima linamsubiri. Akafungua bucha. Akakata kuku, akakata ng'ombe, akakata kamba. Mahali pa jiko la Tabu paliwekwa bendera.

Ukatimia mwaka mmoja tangu Gogo la Umoja lizinduliwe. Jukwaa lilelile likasimamishwa, kochi lilelile likaletwa. Waziri Malolela alihutubia, akasema kwamba malalamiko kuhusu nyama yamekwisha kabisa nchini, na kweli yalikuwa yamekwisha, maana maneno ya kulalamikia hayakuwapo. Akamwita Hemedi mbele. Akamshika bega, akageukia kamera.

"Huyu bwana ni shujaa wetu. Hebu waambie wananchi, ndugu yangu. Habari za nyumbani?"

Hemedi akainua macho. Umati ulikuwa ni Bondeni nzima. Wauza vitambaa walikuwapo, wachukuzi, fundi cherehani, karani na mafua yake. Daktari kijana alikuwa amesimama nyuma kabisa, bila koti lake jeupe. Afande Kubeja alikuwa kando ya gogo.

"Nzuri sana," akasema Hemedi, kwa pumzi moja, kama alivyofundishwa. Mdomo ulitakiwa kufungwa, akauacha wazi. "Nyumbani kwangu hakuna tena Tabu."

Wasikilizaji wakatazamana, wakaipitia sentensi toka mwanzo hadi mwisho, wasione ila. Afande Kubeja akavua kofia yake kubwa, akaishika kifuani. Mwanamke mmoja kati ya wauza vitambaa akakaa chini taratibu, pale alipokuwa.

Waziri akacheka kwa furaha tupu. "Mmesikia?" akasema. "Mmesikia wenyewe? Hakuna tena tabu! Maneno ya mwananchi wa kawaida!" Akapiga makofi, na kochi lote likapiga makofi, na kamera ikageuzwa kwa umati, ikabidi nao wapige. Walimpigia Hemedi makofi huku machozi yakiwatoka, na jioni kwenye televisheni ikasemwa kwamba walilia kwa furaha.

Maneno yale yakafanywa kaulimbiu ya mwaka. Yakaandikwa juu ya kila bucha nchini kwa rangi nyekundu, HAKUNA TENA TABU, na makubwa kuliko yote yakaandikwa juu ya mlango wa Hemedi, kwa kuwa yalitoka kwake. Wageni wa mji huyasoma na kusifu. Watu wa Bondeni huyasoma, wakanunua walichokuja kununua, wakaondoka bila kupokea chenji.

Gogo bado lipo na ufa wake, halijaguswa na maji. Lakini wizara iliagiza kwamba kibao cha kaulimbiu kiwe safi wakati wote, ndicho kitu pekee katika bucha lile kinachoruhusiwa kuoshwa. Basi kila asubuhi, kabla ya kushika panga, Hemedi hupanda ngazi na birika la maji ya moto, chumvi kidogo na kitambaa kilichopigwa pasi. Maneno mawili ya mwanzo huyapitishia kitambaa harakaharaka. Lile la mwisho hulichukulia muda wake, herufi baada ya herufi, na Afande Kubeja humshikia ngazi.